Bathsheba na Siku Tano za Mafua

Bathsheba Nyangate alikuwa metroni wa chuo chetu cha ualimu, mwendo mfupi kutoka Mosocho. Alizaliwa Kenyenya, akafanya kazi ya kuwasaidia wauguzi wodini kwa miaka kumi, na alipofiwa na mumewe akaja kwetu. Cheti hakuwa nacho. Lakini Julai ya 1970 aliuokoa muhula wetu, nami nilikuwepo!

Jumatatu wanafunzi wanane walishindwa kuamka: homa, kikohozi, viungo vinauma. Kufikia Jumatano walikuwa arobaini na mmoja. Mkuu wa chuo, Bwana Angwenyi, akatukusanya uwanjani na kutangaza kwamba chuo kinafungwa, kila mtu aende kwao. Tukashangilia.

Bathsheba akapita katikati yetu, aproni imelowa maji.

"Bwana Mkuu, ukiwaachilia leo, Ijumaa homa iko Magwagwa, iko Kenyenya, iko kwa nyanya zao na watoto wachanga. Nipe siku tano."

"Na wakizidiwa?"

"Nitakuambia mwenyewe, hata kabla hujauliza."

"Haya, mama. Siku tano."

Basi, chuo kizima kikachangamka! Tulibeba vitanda vya wagonjwa mbio mbio hadi ukumbini, tukavitenganisha hatua mbili mbili. Madirisha yakafunguliwa, baridi ikaingia, tukalalamika, hakutusikiliza. Kila mtu alipewa kikombe chake, kimeandikwa jina. Leso zilichemshwa kwenye pipa. Mlangoni pa bwalo alisimama yeye na sabuni: hukunawa, huli.

Manasseh, golikipa wetu, aliificha homa yake ili acheze Jumamosi. Bathsheba alimgusa shingo tu.

"Unachemka wewe! Ukumbini!"

"Metroni, nidunge sindano basi, nicheze!"

"Sindano unayoitaka haitibu mafua. Lala, kunywa maji na uji, uache kuwakoholea wenzako."

Ijumaa, Loice Kemuma akaanza kuhema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Bathsheba alikimbia hadi ofisini kwa Bwana Angwenyi.

"Huyu ni wa hospitali. Sasa hivi!"

Landrova ikaondoka ikirusha matope, Bathsheba nyuma, amemkalisha Loice wima akimwegemeza kifuani. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba wangechelewa kidogo tu, angesema mengine.

Jumamosi wagonjwa wapya walikuwa watatu. Jumapili, mmoja. Jumatatu asubuhi Bathsheba alizunguka mabweni yote, akigusa paji moja baada ya jingine, nasi tukimfuata nyuma tumebana pumzi. Akageuka.

"Hakuna!"

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika hadi barabarani! Bwana Angwenyi alimwita mbele atoe hotuba, naye akaona haya, akasema kwa lugha ya kwao "Imbuya mono" tu, yaani vizuri sana, akarudi jikoni.

Loice alirudi wiki iliyofuata, amekonda lakini anacheka. Na mwaka uliofuata Bathsheba, akiwa na miaka arobaini na tatu, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Tulimsindikiza hadi kituo cha basi tukiimba, Manasseh akiwa amembebea sanduku kichwani.