Kompyuta Iliyoungua Kabla ya Kuwashwa

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwetu ilinuka kuungua kabla haijawashwa hata mara moja. Ilikuwa harufu ya plastiki na ya kitu kingine kikali kilichokwaruza koo, ikachanganyika na mvuke wa nyoyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya Jumamosi, ambayo sufuria yake ilikuwa imeteremshwa motoni ili kumpisha mtu mmoja mjinga. Hata leo nikipita mahali vijana wanapochoma nyaya nakunja uso, na watu hudhani ni moshi umenikera. Moshi nauvumilia. Ninayemkunjia uso ni baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, alikuwa dalali wa dhahabu kule Masara. Kuchimba hakuchimba, tumbo lake lisingepita kwenye mdomo wa shimo. Alikaa juu kwenye kigoda, akinunua vichembe kutoka kwa waliopanda wamejaa matope, na kwa sababu alijua kutambua kitu kimoja duniani, aliamini anavitambua vyote. Ng'ombe wa mahari, dawa ya malaria, mahali pa kuchimba choo, vyote alivipima kwa kiganja, jicho moja limefumbwa, kisha akatoa hukumu. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Debe letu lilikuwa na pesa ndani, na hapo ndipo balaa ilipoanzia, maana watu walilisikiliza. Baba yangu alilisikiliza kuliko wote. Alikuwa mtu mpole, na kaka yake akiingia nyumbani, baba alimpisha kiti na maoni pia.

Mama alikuwa mchapaji. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Migori mjini, chenye taipureta moja na mashine ya kuzungusha stensili, naye ndiye aliyezichapia mitihani shule za msingi kuanzia pale mjini hadi upande wa Kegonga. Mwishoni mwa miaka ya tisini walimu wakuu wakaanza kuionea aibu taipureta. Mmoja wao, aliyewasemea wenzake, akamwambia mama waziwazi kwamba Jumatatu ifuatayo anakuja kuona kurasa za kwanza za mitihani zilizochapwa kwa kompyuta, la sivyo wote watapeleka kazi Kisii. Mitihani ndiyo iliyokuwa chakula chetu na karo yetu. Maombi ya kazi ya watu wawili watatu kwa juma yasingetununulia hata chumvi.

Kompyuta nzima ilikuwa juu ya uwezo wetu, kwa hiyo mama akaamua kununua vipande vilivyotumika, fundi aviunganishe. Alijua anachotaka, maana alikuwa amejifunza kwa masista wa parokia: kibodi isiyokwama, skrini isiyotetemeka, na memori ya kutosha ili mashine isizimie katikati ya mtihani wa Hisabati. Akiba yake ilipelea kidogo. Baba mkubwa akajazia kile kilichopelea, na tangu dakika hiyo kompyuta ikawa yake. "Min Atieno," alimwambia mama, yaani mama Atieno, maana Atieno ndiye mimi, "wewe kazi yako ni kuchapa. Kununua waachie wanaojua vitu." Baba akatazama viatu vyake.

Tukaenda Homa Bay siku ya Ijumaa, mimi nikiwa mbebaji. Fundi tuliyeelekezwa alikuwa Msabato mwenye duka la redio kwenye barabara inayoshuka ziwani, mtu mwembamba, mwaminifu, aliyekuwa akilitazama jua kila baada ya sentensi, kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia na lazima afunge. Haraka haraka haina baraka, lakini baba mkubwa hakuwa na haraka hata kidogo. Alianza na masanduku ya kuwekea mashine. Aliyanyanyua moja moja kama anayenunua mbuzi, akachagua lililokuwa zito kuliko yote, la chuma, linaloweza kuficha mtoto. Akachagua na spika mbili. Mama akamuuliza kwa upole kama siku hizi mtihani unachezewa muziki. Baba mkubwa akazipakia spika ndani ya sanduku. Kibodi alimwachia mama achague, kwa sababu ilikuwa plastiki tupu na haikung'aa popote. Mama alifumba macho, akapapasa vitufe vya kibodi zote zilizokuwepo, akachukua moja iliyochakaa herufi.

Ndipo ikaja zamu ya memori. Ni vikadi virefu vyembamba, kila kimoja kina meno upande mmoja kama kichana. Fundi alikuwa na vya aina mbili, vyenye meno meupe na vyenye meno ya rangi ya dhahabu, akaeleza kwamba vyeupe vinabeba kazi maradufu na bei ni ile ile. "Hii ya manjano imepakwa nini?" baba mkubwa akauliza. Fundi wa watu, asiyejua kudanganya, akasema ni dhahabu, ila kidogo sana. Loo, angesema ni shaba tungepona. Macho ya baba mkubwa yakawa kama ya paka aliyesikia samaki anaparwa. Mama akamwita baba mkubwa kwa heshima, kwa jina la mwanawe, "Wuon Akoth, tuchukue nyeupe." Baba mkubwa alikuwa tayari ameshafunga zile za dhahabu kwenye kitambaa chake cha mfukoni. Fundi akafunga duka, akaahidi kuja Migori Jumapili baada ya saa sita kuunganisha.

Kwa hiyo Jumamosi nzima vipande vilikaa kwetu bila fundi, na mjinga haachwi peke yake na kitu kizuri. Mama alikuwa amekwenda kukusanya maswali kwa walimu, baba yuko shambani. Baba mkubwa akaja jikoni na ile chupa ndogo ya zebaki aliyoibeba kila siku kwenye mfuko wa shati. Kule Masara zebaki ndiyo hakimu. Inakamata dhahabu na kuacha mchanga, kisha unachoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Akadondosha tone kwenye kiganja, akayasugua nayo yale meno kwa kidole. Yakageuka meupe. Akacheka peke yake kwa furaha. "Unaona? Ni dhahabu ya kweli," akaniambia. Sasa ilimbidi airudishie rangi yake, akaniamuru niteremshe nyoyo. Nikamuuliza kama kile kitu hakitaungua. "Dhahabu haiungui," akasema, akakilaza kikadi juu ya kifuniko cha sufuria, na kifuniko juu ya makaa. Cha pili kikafuata, ingawa alikuwa ameshaona cha kwanza kikijikunja. Wahenga walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Hawakufikiria kumwonya mtu afanye nini endapo ni dhahabu kweli.

Fundi alipofika Jumapili alikinusa kikadi kabla ya kukitazama. "Mzee, hii mmeipika?" akauliza, na hakuwa akitania. Baba mkubwa akasimama, kidole juu, akamwita tapeli. Hoja yake ilikuwa hii: dhahabu haiungui, kitu hiki kimeungua, basi si dhahabu. Aliisema mara mbili mbele ya baba yangu, na baba, Mungu amrehemu, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kitako kwenye kiti, maswali ya walimu magotini, uso umemshuka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Sijapata kumwona vile tena. Kisha akamuuliza fundi, "Hili sanduku na hizi spika, ukipewa, utanipa zile memori nyeupe?" Fundi alikuwa nazo kwenye mkoba, za kujaribia. Akasema atampa, lakini mashine ataiweka wapi? "Mezani," mama akasema. Baba mkubwa akafoka kwamba kompyuta bila sanduku ni mtu bila suruali. "Basi usiitazame, Wuon Akoth."

Fundi akaikaza mashine kwenye ubao wa kreti ya mkate, matumbo yote nje, akaiwasha kwa kugusanisha nyaya mbili. Skrini ikapata mwanga. Mama akaanza kuchapa hapo hapo, na mwalimu mkuu alipokuja Jumatatu alipewa kurasa safi. Alizisoma, akasema kazi zote zije kwa mama, na hakuuliza suruali iko wapi. Kule Masara, baba mkubwa aliwasimulia watu kwa miaka jinsi alivyounda kompyuta kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hizi mtoto wa shule anachagua vipande vya kompyuta kwenye simu akiwa kitandani, na mimi mwenyewe nimewaundia watu wengi mashine, nikianza na memori kila mara. Kibanda cha mama kimekuwa duka lenye kompyuta sita, na ile kibodi iliyochakaa herufi bado ipo kwenye rafu. Masara nako wameingia vijana wanaonunua kompyuta mbovu, wanazichoma kutoa dhahabu iliyomo. Baba mkubwa alipozisikia habari hizo alikuja dukani akijikongoja kwa fimbo, siku niliyokuwa nimemtembelea mama. Mikono yake sasa inatetemeka mchana kutwa. Daktari anasema ni ile zebaki. Hata jina lake hawezi kuliandika, mama humchapia kila kitu bila malipo. Akaketi, akatabasamu kama mshindi. "Nilikuambia, Min Atieno. Ile ilikuwa dhahabu."

"Ilikuwa dhahabu," mama akasema. "Mimi nilitaka kompyuta." Kisha akammiminia chai, nusu kikombe tu, kwa sababu kikijaa humwagikia mapajani. Mimi ningekijaza.