Ukingo Ulionenepa

Fundi wa banda la ndege aliitwa Msasa na kila mtu, hata na marehemu mkewe. Kazi yake ilikuwa kukarabati glaida za chama, zile ndege zisizo na injini ambazo huvutwa angani kwa kamba, kisha huachiwa zielee. Wanachama walifika mwishoni mwa juma. Siku nyingine zote banda lilikuwa lake peke yake, na redio aliiacha ikizungumza ili asisikie mabati yakilia kwa joto.

Siku moja aliletewa kibao cha mkia kilichopasuka. Ndicho kinachopanda na kushuka nyuma ya ndege ili pua iinuke au iiname. Ufa ulikuwa mdogo; angeweza kumaliza upesi. Lakini nyumbani hakuna aliyemngoja. Basi akapaka puti ya kuziba ufa, akapiga msasa, akapaka tena. Kila kilipokamilika alikitafutia dosari nyingine. Dada yake alipopiga simu kumwalika kwake, alijibu kwamba kazi imemkaba.

Hatimaye kibao kilifungwa mahali pake, kiking'aa kama kioo. Mwalimu wa urubani, mama mmoja mwenye utani mwingi, akapaa na ndege ile kuijaribu. Aliposhuka uso wake ulikuwa umekauka.

"Mzee Msasa, ndege imelewa. Nikiachia mpini wa kuongozea, haurudi katikati. Pua ikipanda naikandamiza, inazama. Nikiivuta, inaruka. Nimefukuzana nayo mpaka chini."

Msasa alisema labda ni upepo. Mwalimu hakubishana, aliushika mkono wa mzee na kuupitisha kwenye ukingo wa nyuma wa kibao. Ukingo ule ulipaswa kuwa mwembamba, nyuso zake zikinyooka hadi mwisho, ili hewa ikirudishe kibao mahali pake na rubani ausikie uzito wa hewa hiyo kwenye mpini. Sasa ulikuwa umenenepa na kuviringana kama ufito. Hewa iliuzunguka na kuteleza, ule uzito ukapotea, na mpini ukawa mwepesi, haumwambii rubani kitu.

Kamati ya chama ilikasirika. Wengi walitaka kibao kipelekwe kiwandani, na kazi zote za mkia apewe fundi mwingine. Mwalimu akawaomba wampe mzee nafasi moja tu, wakakubali. Walipobaki wawili alimuuliza kwa upole:

"Mzee wangu, wewe kazi hii unaijua. Ilikuwaje ukashindwa kuacha?"

Msasa alikuna kidevu. "Nikimaliza mnaichukua, mwanangu. Halafu nabaki na redio."



Safari hii Msasa hakujiongezea kazi. Alikwangua puti yote ya ziada, akaupima ukingo kwa kipande cha bati alichokikata kwa umbo lake la asili, na ulipolingana akaweka msasa chini. Mwalimu akapaa tena. Huko juu aliachia mpini. Pua ikainama kidogo, ikainuka, ikatulia yenyewe. Aliposhuka alimpa mkono mbele ya kamati yote. Kazi ikabaki yake. Wakapiga makofi, wakatania, wakapanda magari yao wakaondoka.

Jumatatu meza ya kazi ilikuwa tupu. Msasa alifungua banda kama kawaida, akafagia sakafu iliyokuwa safi, kisha akasimama karibu na ndege, mkono juu ya mkia, bila cha kurekebisha.