Mwiko wa Jokofu

Fundi wa viyoyozi vya magari waliyembandika jina la Jokofu alikuwa na hasira za karibu, ila alikuwa na mwiko mmoja: akishika gari la mtu, hagombani mpaka alimalize. Ndiyo maana mume wa dada yake alipomkaba ukosi wa shati pale gereji, hakuinua mkono.

"Juzi umenijazia gesi, leo linapuliza moto kama tanuri! Unanifanya mjinga?"

Dada alikuwa amekaa kiti cha mbele, kavaa miwani nyeusi. Jicho moja lilikuwa limevimba hadi miwani ikakaa upande. Jokofu aliliona, akafungua boneti, akaingiza gesi kidogo ili atafute inapovujia.

Shemeji hakusubiri. Alimdaka kisogo, akamkandamiza uso kwenye mabomba mpaka mdomo ukapasuka.

"Tafuta vizuri, fala wewe!"

Damu ikimchuruzika kidevuni, Jokofu akahisi kijiupepo cha baridi kikimchoma shavu. Gesi ilikuwa inatoka kwenye maungio ya bomba, palepale alipobanwa.

"Niachie, shemeji. Nimepaona."

Alichukua spana, akabadilisha mpira wa maungio, akajaza gesi upya, akawasha gari. Hewa baridi ikampiga dada usoni, naye akajishika jicho kwa maumivu. Jokofu akafunga boneti taratibu. Spana hakuirudisha kwenye boksi.

"Gari lako limepona, shemeji," alisema. "Sasa nionyeshe mkono uliompigia dada."