Mawe Yaliyozungushwa Matupu

Jumapili, tarehe 13 Novemba 2022. Mvua ndogo ya alfajiri, kisha jua kali lililokausha njia kabla misa haijaisha.

Pudentienne Nshimirimana alikuwa akirudi kutoka kanisani, mlimani juu ya kijiji cha Katogota, aliposikia kinu chake cha maji kikilia. Hakikuwa kile kishindo kizito cha mawe yenye nafaka katikati. Ilikuwa sauti kavu, jiwe juu ya jiwe. Alipandisha kitenge magotini akakimbia, na miaka yake hamsini na minane.

Kinuni alimkuta Hyacinthe, mdogo wa marehemu mume wake, pamoja na wageni watatu kutoka Uvira waliokuja kuandika historia ya kinu. Walikuwa wakipiga picha gurudumu. Hyacinthe alikuwa akiwaeleza jinsi ukoo wake ulivyokijenga.

Pudentienne alishusha ubao wa kuzuia maji, maji yakakatika. Akatia mkono chini ya jiwe la juu. Lilikuwa la moto. Mistari ya kusagia ambayo baba yake mwenyewe, mzee Irambona, aliyekijenga kinu, aliichonga mwaka wa 1958, na ambayo yeye alikuwa akiinoa kwa tindo kila kiangazi, ilikuwa imelainika kama sabuni. Vumbi la kijivu lilijaa viganjani.

“Shemeji, uliweka nini ndani?”

“Hapana kitu. Walitaka tu kuona namna inazunguka.”

“Konzi ya mahindi kwanza, mayi nyuma. Hata watoto wa hapa wanajua. Weye uko hapa miaka makumi ine.”

Hyacinthe aliwageukia wageni akicheka. “Munaona? Anachunga mawe yake sawa mwanamuke anachunga bwana.”

Wageni walicheka kidogo, kwa adabu.

“Bwana nilimuzika,” alisema Pudentienne. “Na haya mawe nilizika, mara mbili, wakati wa vita, nikayafukua na mikono. Weye ulikuwa wapi? Waambie, waandike.”

Hakuna aliyeandika. Hyacinthe aliangalia mto, akasema mawe ni mawe, bunga itatoka tu.

Itatoka! Neno hilo lilimfuata siku nzima. Kuchonga upya kungechukua wiki mbili, na mihogo ya majirani ilikuwa imekwisha kukauka, inangoja. Wangeipeleka kwenye mashine ya mazutu, yaani ya dizeli, kule barabarani, na anayezoea barabara hapandi tena mlima. Kinu kilichopona vita viwili kingekufa kwa ajili ya picha. Jioni Honorine, mke wa Hyacinthe, alikuja kumwombea mume wake msamaha, akaacha beseni la mihogo isagwe kama kawaida. Pudentienne alilipokea, akaliweka kando ya mawe.

Kesho yake asubuhi alisaga mihogo hiyo kwa mawe yaleyale, akapika bugali wa bunga hiyo, akaubeba hadi kwa Hyacinthe pamoja na sombe ya majani ya mihogo. Aliuweka mbele yake.

“Bunga yako ilitoka, shemeji. Kula.”

Hyacinthe alimega tonge, akatafuna. Mchanga wa mawe ulilia kati ya meno yake, na Honorine aliyekuwa mlangoni aliusikia. Hyacinthe alitaka kutema. Pudentienne hakuondoa macho. Alisimama pale mpaka shemeji yake akameza tonge la tatu, kisha yeye akachukua sahani yake, akarudi kinuni, akaita wanaume wawili wa jirani wamsaidie kupindua jiwe la juu, akakaa chini na tindo yake, akaanza kuchonga.