Fulana ya Semina

Tulipelekwa Shinyanga kuwezeshwa. Vijana wa Kharumwa, tuliokulia kwenye vumbi la machimbo, tulikaa ukumbini tukafundishwa kwamba zebaki, ile tunayonasia dhahabu, ni sumu, na moshi wake humfikia hadi mtoto aliye tumboni. Nilisikiliza kuliko wote, na niliogopa. Dada yangu alikuwa mjamzito, na dhahabu yake alikuwa akiichomea jikoni, kando ya sufuria ya ugali.

Mwezeshaji alituonyesha picha ya chombo cha chuma chenye mfuniko, kinachozuia ule moshi usitoke. Nikanyoosha mkono, nikauliza vyombo hivyo tutavipata lini.

"Swali zuri sana! Mpigieni makofi ya kilo!"

Nikapigiwa. Ndilo jibu nililopata. Kisha mgeni rasmi akafika, akiwa amechelewa kama inavyompasa, akatuita nguvu kazi ya taifa na kutugawia fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani ZEBAKI INAUA. Tukapiga picha, tukala pilau, tukarudishwa nyumbani tukiwa tumewezeshwa.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

"Nimekuelewa, mdogo wangu. Sasa hicho chombo kiko wapi?"

"Tumeonyeshwa picha."

"Basi nitachomea kwenye picha."

Siku chache baadaye fulana yangu ikatoweka kwenye kamba. Nikamkuta dada uani, ameinama juu ya karai, anakamua zebaki kwa fulana hiyo, mikono mitupu. Ndivyo tunavyofanya huku: unakamua kwa kitambaa, zebaki inapita, dhahabu inabaki tonge lenye zebaki kidogo, la kwenda kuchomwa. Matone yalikuwa yakichuruzika katikati ya lile neno INAUA.

"Wabeja kwa fulana," akanishukuru. "Kitambaa kizito, hakipitishi hata chembe ya dhahabu. Majirani wanauliza semina nyingine ni lini."

Hasira zikanipanda, nisijue nimkasirikie nani. Mara simu ikaita. Alikuwa mwezeshaji, anafanya ufuatiliaji. Je, fulana zinatumika?

"Kila siku," nikasema.

"Hongereni sana, vijana!"

Dada aliweka lile tonge la dhahabu kwenye kikaango, akapuliza mkaa. Kisha akajishika tumbo kwa mikono ile ile, akatabasamu, akaniita nije niguse. Mtoto alikuwa anacheza.