Ladislaus na Maswali Kumi na Mawili

Ukimuuliza yeye, Ladislaus hakuwahi kuugua hata siku moja. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alilazwa kitandani hospitalini damu yake ikitolewa, ikisafishwa na kurudishwa. Lakini mtu akimwuliza habari za afya alijibu, "Nzuri sana, Mungu ni mwema," kwa sauti ile ile aliyotumia kuwapangia watu viti kanisani. Ndivyo alivyolelewa kwao Kagera, na ndivyo alivyoishi Uswidi miaka thelathini na tisa, tangu alipokuja kusomea uchomeleaji wa vyuma hadi alipostaafu kuendesha foklifti kwenye maghala ya Jordbro. Bwana ampumzishe kwa amani. Kwake yeye, kulalamika kulikuwa kumsengenya Muumba.

Mdogo wake Dativa, aliyeishi naye katika kitongoji cha Alby, aliijua tabia hiyo na kuipenda. Aliipenda mpaka Alhamisi moja ya Januari, alipochukua simu ya kaka yake aitie chaji akakuta barua iliyokwisha kusomwa: ombi la usafiri wa wagonjwa limekataliwa.

"Kaka, hii nini?"

"Ah, hiyo. Ni kompyuta tu."

"Imekataa!"

"Mungu atafungua njia nyingine."

"Njia gani, ya treni? Hiyo hiyo uliyoangukia?"

"Sikuanguka, Dativa. Nilikaa."

Alikaa! Mwezi wa Desemba, akitoka kusafishwa damu, miguu yake ililegea akakutwa chini stesheni, katikati ya tope la theluji. Muuguzi alisema wazi: mgonjwa wa namna hii akikosa gari, ataanza kuruka siku za matibabu, na anayeruka haishi muda mrefu. Dativa alitazama tarehe ya barua, akahesabu kwa vidole. Leo ilikuwa siku ya kumi na nne, ya mwisho ya kupinga. Akampigia Whitney.

Whitney alikuwa binti Mkenya waliyeimba naye kwaya, na kazi yake maktaba ilikuwa kuwasaidia watu waliochanganyikiwa na mambo ya mtandao. Alifika saa ya chakula cha mchana, koti wazi, akihema.

"Anti, usilie bado. Sheria mpya iko hivi: maombi yote yanachujwa kwanza na kompyuta. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukikataliwa unaweza kudai usikilizwe na mtu. Mtu mwenye masikio. Unapewa siku kumi na nne, na leo wanafunga saa kumi."

Akafungua majibu ambayo mzee alikuwa ametuma. Maswali yalikuwa kumi na mawili.

"Wee mzee! 'Unaweza kutembea mita mia tatu bila kupumzika?' Umejibu ndiyo!"

"Naweza. Nikipenda."

"'Umeanguka katika miezi sita iliyopita?' Hapana."

"Nilikaa."

"Ati ulikaa! 'Unahitaji msaada baada ya matibabu?' Hapana. Mzee, kwa majibu haya hata mimi ningekunyima gari. Ningekupa kazi!"

Dativa alicheka huku machozi yakimtoka. Alielewa sasa. Nyumbani mtu akijibu nzuri, aliyeuliza husubiri kidogo, kwa sababu habari yenyewe inakuja nyuma. Kompyuta haikusubiri. Ilipokea nzuri kumi na mbili, ikafunga faili.

Whitney alibonyeza pale pa kuomba mtu. Namba ya foleni ikatokea: thelathini na moja. Ilikuwa saa saba u nusu. Whitney akampigia bosi wake kuomba ruhusa, Dativa akashika rozari, jicho moja kwenye simu. Ishirini na sita. Ishirini na mbili. Saa tisa kamili, namba tisa. Namba ilipofika nne ikaganda, na Dativa akasali Salamu Maria kwa kasi ambayo hata Mama Maria mwenyewe asingeweza kuifuata. Ladislaus, aliyekuwa chanzo cha yote, alikuwa akikata kucha.

Saa tisa na dakika arobaini na nane simu ililia. Uso wa mama mmoja wa Kiswidi mwenye miwani ukajaa kwenye kioo. Aliuliza kwa upole, kwa lugha yake, "Hujambo, Ladislaus? Unaendeleaje?"

"Vizuri sana, asante," akasema Ladislaus.

"Yesu wangu!" Whitney alijishika kichwa.

Dativa alipiga magoti kando ya kiti, akamnong'oneza kwa Kihaya, "Kaka, ukienda kuungama unamwambia padre mambo ni mazuri?"

"Ile ni sakramenti."

"Na huyu amewekwa pale asikie ukweli. Kumficha ni uongo mbele ya Mungu. Tena umeshausema mara kumi na mbili."

Ladislaus alifanya ishara ya msalaba na kuanza kusema Kiswidi chake cha maghalani, polepole.

"Nimeanguka mara sita."

Dativa alikuwa anajua moja.

"Mara moja nilijikojolea wakati nasubiri wa kuninyanyua. Ngazi za stesheni nazipanda kwa kukaa. Na Jumatano mbili sikwenda hospitali kabisa. Nilimwambia mdogo wangu nimekwenda."

Dativa alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kwenye kioo yule mama aliacha kuandika, akamtazama mzee, akaendelea kuandika.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. Akamwuliza upya maswali yote kumi na mawili, na Ladislaus akajibu kila moja, macho chini, bila kupunguza wala kuongeza. Ilipobaki dakika moja kufika saa kumi yule mama alivua miwani. "Nimeidhinisha. Gari litaanza Jumatatu."

Whitney alipiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga bomba la joto kulalamikia kelele. Dativa alimkumbatia kaka yake, akampiga ngumi begani, akamkumbatia tena. "Jumatano mbili, wewe mzee! Jumatano mbili!"

"Nisamehe," alisema Ladislaus, akajifuta uso kwa ukosi wa shati.

Miezi kumi na tisa iliyobaki ya maisha yake hakukosa matibabu hata siku moja. Jumatatu ile saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Dativa alisimama dirishani, ghorofa ya nne. Dereva alishuka, akamshika mzee mkono juu ya barafu, akamfungulia mlango. Gari lilipopinda kona, Dativa alivaa viatu na kwenda kazini Sundbyberg, na njia nzima ndani ya treni alilala usingizi.