Figo la Nyumbani

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuja kwangu kuomba nguruwe. Nalisema hilo kabla ya lingine lolote kwa sababu nililingoja kwa miaka, na bado nalisikia utamu wake mdomoni.

Ni mzee wa kanisa, katika wale wanaoshika Sabato. Nguruwe hali, hagusi, wala hataki harufu yake imkute ameshika Biblia. Nyumba zetu hapa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, zimepakana, katikati kuna ua wa michongoma tu. Mume wangu aliniachia mtoto mmoja wa kiume na banda la nguruwe, na nguruwe hao ndio waliomlea huyo mtoto hadi akawa fundi wa pikipiki kule Kasese.

Miaka ile Ebola ilipokuwa upande wa Beni, huko Kongo, kila aliyevuka mpaka pale Mpondwe alipimwa joto na kunawishwa maji ya klorini. Mimi niliokota maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni pale mpakani kulisha nguruwe wangu, kama wafugaji wote. Shemeji akasimama mbele ya majirani akatangaza kwamba nguruwe wangu wanakula uchafu wa Kongo, kwa hiyo wana virusi. Hakuna daktari aliyesema hivyo, alisema yeye. Asubuhi moja alikuja na vijana wenye mikuki, wakawamaliza wote, na jike lenye mimba pia, wakawafukia kwa chokaa. Yeye alisimama pembeni akiimba wimbo wa kanisani, tena kwa sauti nzuri.

Kisha akatundika jerikani la klorini getini kwake. Halikuwa la wageni wote, lilikuwa la watu wa kwangu. Mama mkwe alipofariki, waombolezaji waliingia moja kwa moja, ila mimi na mwanangu tukaambiwa tunawe kwanza. Mikono yangu ilikuwa na nyufa za jembe na ile dawa ilinichoma hadi machozi yakanitoka. Watu wakasema, tazama anavyomlilia mama mkwe.

Sokoni wakanibatiza Mama Virusi. Ebola ilikwisha, mahema ya mpakani yakang'olewa, nikanunua nguruwe wengine, lakini jina halikung'oka, wala lile jerikani.

Ndipo mafigo ya shemeji yakafa. Ilianza kwa miguu kuvimba, mwishowe akawa anapelekwa mji wa mbali kuoshwa damu kwa mashine, anarudi uso umekuwa wa majivu. Sikuhuzunika, na sitajifanya nilihuzunika. Rafiki yangu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza mawese sokoni, ndiye aliyeniletea habari ya redio.

"Mama, sikia," aliniambia. "Banasema kule mbali banganga balitia mutu figo ya ngulube. Na mutu iko nakula, iko natembea."

Waganga wamtie mtu figo la nguruwe! Tulicheka sana. Siku hiyohiyo nilitundika jerikani langu mwenyewe getini, nikalijaza, nikasubiri. Nilimjua shemeji, na kifo anakiogopa kuliko dhambi.

Alikuja akitembelea fimbo. Nilimwonyesha jerikani kwa kidevu.

"Nawa, mulamu," nilimwambia. Mulamu ndivyo tunavyoitana mashemeji huku.

Alinawa. Nikamwambia anawe tena, akanawa tena.

"Mulamu," alisema alipokaa, "mimi nasikia kwa redio, bazungu nafanya figo ya nguruwe."

"Hata mimi nimesikia."

"Daktari nasema figo mzuri ni ya ndugu. Ya nyumbani. Sasa mimi nafikiri. Nguruwe ya mbali ni mugeni, mwili itakataa. Lakini kama mutoto ya nguruwe inazaliwa hapa, inakula muhogo ya shamba ya baba yetu, inakunywa maji yetu, si hiyo iko ya nyumbani? Unilelee moja, kwa sementi, isikanyage chini. Itakuwa safi."

Kwetu ardhi ndiyo inayofanya watu kuwa ndugu. Aliyelishwa na shamba la babu yako ni wako, hata kama hamjui alikotoka. Shemeji alikuwa ameichukua desturi hiyo akamvika nguruwe. Nguruwe wangu, aliowachoma mikuki, sasa walikuwa ukoo.

Ningeweza kumcheka palepale. Lakini nilitaka aambiwe na mtu mwenye koti jeupe, mimi nimekaa karibu kabisa. Niliita bodaboda mbili, yake na yangu, tukaenda kumwona daktari.

Daktari, binti mpole, alimsikiliza bila kutabasamu. Alimweleza kwamba nguruwe wa kazi hiyo si wa kijijini. Wamebadilishwa tangu mbegu, wanazaliwa na kukulia ndani ya majengo yaliyofungwa, wanapimwa mara kwa mara. Hata hivyo wataalamu wana hofu. Nguruwe ana virusi vyake ambavyo yeye havimsumbui. Mgonjwa anayepewa figo hupewa pia dawa za kuilaza kinga ya mwili, na kinga ikilala, vile virusi huamka. Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo alikutwa na kirusi kilichokuwa kimejificha ndani ya kiungo alichowekewa, ingawa mnyama alipimwa. Na vingine nguruwe anazaliwa navyo, vimo katika mbegu yenyewe.

"Hata nikiosha sementi na klorini?" shemeji aliuliza.

"Klorini haifiki huko, mzee."

Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza. Kisha nikauliza swali nililotoka nalo nyumbani.

"Daktari, na watu anaolala nao nyumba moja?"

"Nao hufuatiliwa," alisema. "Hofu kubwa ni kirusi kitoke kwa mgonjwa kiingie kwa wengine. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu maisha yake yote."

"Kwa hiyo yeye ndiye angewekewa jerikani getini."

Daktari hakunielewa. Shemeji alinielewa vizuri sana, akatazama viatu vyake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

"Tafuteni figo la mtu," daktari alimalizia. "La ndugu."

Watoto wake wote walikuwa wamepimwa, hawakufaa. Alibaki mmoja tu wa damu yao ambaye hakutajwa, na mimi nilikuwa nimemkataza kukanyaga Bwera. Jumapili iliyofuata alikuja hata hivyo, mwanangu, na oili ya pikipiki bado kwenye kucha.

"Nimepimwa, Mama," alisema. "Figo yangu inamkubali."

Nilimwambia afadhali nizike kizee kile mara mia kuliko kisu kiguse ubavu wake. Nilimkumbusha mikuki, chokaa, msiba wa bibi yake. Nilipiga meza. Yeye alingoja hadi nikachoka.

"Mama, kufa ni rahisi sana kwake," alisema. "Wacha aishi na mimi ndani."

Ukali huo sijui aliutoa kwa nani. Siku ya kusafiri kwenda kupasuliwa inakaribia, na mimi mtoto wangu ni huyo mmoja. Lakini sikubisha tena.

Tulikwenda pamoja kumpa habari. Jerikani lilikuwa bado getini kwake. Nililipita na mikono mikavu, mwanangu nyuma yangu, na hakuna aliyetuambia tunawe.

"Mulamu," nilisema, "figo la nyumbani limepatikana."

Alilia, akamshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha yetu ya Lhukonzo, akaushika mkono wa mwanangu akauweka shavuni. Kisha nikaona wazo linamwingia, taratibu. Akaniegemea sikioni ili kijana asisikie.

"Hii mutoto," alininong'oneza, "inakulaka ile nyama?"

"Kila Jumamosi, mulamu," nilimjibu. "Wewe ukiwa kanisani."